JOSH GIBSON: Mkali aliyefungiwa mlango, rekodi zikafunguka miaka 77 baadaye

MASHABIKI wa soka wanaujua vizuri ubishi wa magoli ya Pele. Wapo wanaomhesabia zaidi ya 1,200. Wapo wanaosema toa ya mechi za kirafiki, toa aliyofunga akiwa na timu ya jeshi, bakiza ya mashindano tu. Romario naye mwaka 2007 alisherehekea goli la 1,000 kwa hesabu zake mwenyewe, na hadi leo ukilitaja goli hilo kijiweni lazima watu wapandishe sauti.

Marekani nako kuna ubishi wa namna hiyo, ila wenyewe ni mzito zaidi. Unamhusu mchezaji wa besiboli aitwaye Josh Gibson. Huyu hakuwahi kucheza hata dakika moja kwenye Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB. Alifariki dunia mwaka 1947. Lakini mwishoni mwa Mei 2024, ligi hiyo hiyo iliyomkatalia ilitangaza kwamba ndiye mpigaji mwenye wastani bora kuliko wote katika historia yake.

Yaani jamaa amewapita wote akiwa kaburini. Na jinsi alivyofika huko ni hadithi ya kizazi kizima cha mastaa waliocheza mpira mkubwa kwenye viwanja ambavyo wakubwa wa ligi walijifanya hawavioni.

KWA LUGHA YA SOKA

Kwa asiyeifahamu besiboli, mchezo wenyewe ni vita ya watu wawili. Mrushaji anasimama katikati ya uwanja na mpira mgumu mdogo kuliko ngumi. Mpigaji anamsubiri na gongo mkononi. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji mwenye glovu kubwa, ambaye ndiye anayeuona uwanja wote mbele yake, kama kipa.

Kumpiga mrushaji mzuri ni kazi ngumu ajabu. Mpigaji akifanikiwa mara tatu katika kila mara kumi, huyo tayari ni staa. Akiupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja, anazunguka besi zote nne taratibu na kupata pointi bila mtu kumgusa. Hilo ndilo pigo linalowanyanyua mashabiki vitini, sawa na straika anapoachia kombora la mita 30 likaingia kwenye kona ya juu.

Kwa takwimu zilizotangazwa 2024, Gibson alifanikiwa mara 372 kwa kila 1,000. Aliyekuwa anaongoza ni Ty Cobb, aliyestaafu mwaka 1928 akiwa na 367. Kwenye kipimo cha nguvu za mapigo, Gibson ana 718 na amempita Babe Ruth mwenye 690, mtu ambaye kwa Wamarekani ni kama Pele na Maradona kwa pamoja. Kwa msimu mmoja, 466 zake za mwaka 1943 zimeipiku rekodi ya 440 iliyowekwa na Hugh Duffy mwaka 1894.

Na kumbuka, Gibson alikuwa mdakaji. Ni kama kipa kuibuka mfungaji bora wa ligi.

MLANGO BILA KUFULI

Swali la kwanza la shabiki ni rahisi: kama alikuwa mkali hivyo, kwa nini hakusajiliwa?

Jibu ni rangi ya ngozi yake. Mwaka 1884 Moses Fleetwood Walker, mtu mweusi, naye akiwa mdakaji, alicheza ligi kuu na timu ya Toledo. Baada ya hapo wenye timu walikubaliana kimyakimya kwamba mtu mweusi asisajiliwe tena. Haikuandikwa kwenye kanuni yoyote, na hapo ndipo palipokuwa na ujanja wenyewe. Ukiuliza, unaambiwa hakuna sheria inayokataza. Ukipeleka mchezaji, hachukuliwi.

Hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 60. Kamishna Kenesaw Mountain Landis aliiongoza besiboli kuanzia mwaka 1920 hadi alipofariki mwaka 1944, na katika kipindi chake chote hakuna Mmarekani mweusi hata mmoja aliyekanyaga uwanja wa ligi kuu kama mchezaji wake.

Walichofanya watu weusi ni kuanzisha ligi yao. Februari 1920, Rube Foster, mrushaji wa zamani aliyegeuka bosi wa timu mjini Chicago, aliwakusanya wenye timu wenzake mjini Kansas City. Wakatoka na ligi iliyoitwa Negro National League. Zikafuata nyingine, na kati ya mwaka 1920 na 1948 zilikuwapo ligi saba zinazohesabiwa leo kuwa za kiwango cha juu.

Maisha ya humo hayakuwa ya kistaa. Timu zilisafiri kwa basi usiku kucha. Sehemu nyingi wachezaji walinyimwa vyumba hotelini na kuzuiwa kukaa kwenye migahawa, wakalala na kula ndani ya basi. Mechi za ligi zilikuwa chache, hivyo mabosi walijaza ratiba kwa mechi za kirafiki mji hadi mji ili mishahara ipatikane.

Lakini ubunifu ulikuwapo. Timu ya Kansas City Monarchs ilizunguka na taa zake yenyewe mwaka 1930 na kucheza mechi za usiku, miaka mitano kabla ya ligi kuu kucheza mechi yake ya kwanza chini ya taa. Mechi ya mastaa wa Mashariki dhidi ya Magharibi, iliyoanza 1933 pale Chicago, iliwahi kuingiza mashabiki zaidi ya 50,000. Huo ni umati wa dabi kabisa.

DOGO WA PITTSBURGH

Gibson alizaliwa Desemba 21, 1911 katika mji mdogo wa Buena Vista, jimbo la Georgia. Baba yake alihamia Pittsburgh kutafuta kazi kwenye viwanda vya chuma, na familia ikamfuata. Huko ndiko dogo alikojengeka mabega na mikono iliyokuja kuwa gumzo.

Mwaka 1930, akiwa na miaka 18, alianza kuichezea Homestead Grays. Simulizi maarufu inadai siku hiyo alikuwa jukwaani akila zake mechi kama shabiki, mdakaji wa Grays akaumia kidole, ndipo akaitwa ashuke kuvaa jezi. Wapo wanaoipinga, lakini hakuna anayepinga kilichofuata. Ndani ya muda mfupi kila mji ulikuwa na hadithi yake kuhusu mpira alioupiga Gibson ukapotea.

Mwaka huo huo ulimpa pigo ambalo hakuwahi kulisahau. Mkewe, Helen, alifariki akijifungua mapacha. Watoto wakapona, mmoja akapewa jina la baba na mwingine la mama. Gibson akarudi uwanjani, watoto wakalelewa na ndugu wa mama yao.

KIKOSI CHA HATARI

Mwaka 1932 akatua kwa mahasimu wa jijini humo humo, Pittsburgh Crawfords. Bosi wao, Gus Greenlee, alikuwa mtu wa bahati nasibu za mtaani na alikuwa na hela ya kumwaga. Akajenga uwanja wake mwenyewe, kisha akasajili kama mtu anayecheza gemu la kompyuta.

Kikosi chake cha katikati ya miaka ya 1930 kilikuwa na watu watano ambao leo wote wamo kwenye Jumba la Mashujaa wa Besiboli pale Cooperstown: Gibson, Satchel Paige, Oscar Charleston, Judy Johnson na James Bell aliyejulikana kama Cool Papa.

Bell alikuwa na mbio za kutisha. Paige, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alizoea kusema kwamba Bell akizima taa chumbani anafika kitandani kabla giza halijaingia.

Paige mwenyewe alikuwa sinema nyingine. Alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1906. Jina la Satchel, yaani begi, alilipata utotoni kwa kubeba mizigo ya abiria kwenye stesheni ya treni. Akiwa na miaka 12 alipelekwa shule ya watoto watukutu, na huko ndiko aliponolewa kurusha mpira. Alikuja kuwa mrushaji aliyejaza viwanja peke yake. Timu ilikuwa ikitangaza jina lake tu, tiketi zinakwisha.

MKWANJA WA DIKTETA

Wanaodhani mchezaji kuvunja mkataba na kutimkia kwenye hela ni mambo ya leo, wasome ya mwaka 1937.

Mwaka huo Rafael Trujillo, dikteta wa Jamhuri ya Dominika, alitaka timu yenye jina la jiji lake, Ciudad Trujillo, itwae ubingwa. Watu wake wakaenda Marekani na fuko la dola. Paige akaondoka, kisha Gibson na Bell wakafuata. Greenlee akabaki na jezi zisizo na wavaaji, na Crawfords haikurudi tena kwenye makali yake.

Ubingwa ulipatikana, lakini Paige alisimulia baadaye kwamba walicheza huku askari wenye bunduki wakiwa kando ya uwanja, na kwamba hakuna mchezaji aliyetaka kujua nini kingetokea wakifungwa.

Gibson aliporudi akajiunga tena na Grays, kisha mwaka 1940 akaenda Mexico kuichezea Veracruz. Mabosi wa Grays wakampeleka mahakamani kwa kuvunja mkataba, wakayamaliza aliporejea. Ukiwauliza wachezaji wengi weusi wa enzi hizo kwa nini walipenda kwenda Mexico na visiwa vya Karibi, hela ilikuwa nusu tu ya jibu. Nusu nyingine ni kwamba huko waliweza kuingia kwenye mgahawa wowote na kuhudumiwa kama watu.

KIDUME KWA KIDUME

Septemba 1942 ikaja fainali ambayo mashabiki wa besiboli bado wanaisimulia. Monarchs ya Paige dhidi ya Grays ya Gibson. Mrushaji namba moja na mpigaji namba moja, waliokuwa timu moja zamani na wanajuana nje ndani.

Katika mechi ya pili, kama Paige alivyopenda kusimulia, aliwaachia makusudi wapigaji wawili waende besi ili besi zote zijae na Gibson aje kupiga katika mazingira ya hatari kuliko yote. Kisha akawa anamwambia kila mpira kabla ya kuurusha utakuwa wa namna gani. Mirusho mitatu, Gibson hajagusa kitu. Nje.

Waliochimbua magazeti ya siku ile wanasema simulizi imeongezwa chumvi, na kwamba besi hazikujaa kwa makusudi. Kwamba Gibson alitolewa huku besi zimejaa, hilo lipo. Monarchs wakashinda mechi nne bila jibu na kubeba ubingwa.

Tofauti hiyo kati ya simulizi na gazeti ndiyo mkasa wa ligi nzima. Magazeti makubwa ya watu weusi, kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, yalitoka mara moja kwa wiki. Mechi nyingi hazikupata hata mstari. Kilichobaki ni midomo ya waliokuwapo.

MSIMU WA MAAJABU, MWILI UNAUMWA

Mwanzoni mwa mwaka 1943 Gibson alianguka akapoteza fahamu na kulazwa hospitali. Kwa maelezo ya familia yake, madaktari walimkuta na uvimbe kwenye ubongo. Wakataka wampasue, akakataa kwa kuogopa kwamba hatarudi kuwa mtu yule yule.

Akarudi uwanjani na maumivu makali ya kichwa. Pombe nayo ikawa imeanza kumuelemea. Na huo ndio msimu aliopiga 466 kwa kila 1,000, ambao leo ni rekodi ya wakati wote.

Grays siku hizo ilikuwa ikichezea mechi zake nyingi mjini Washington, kwenye uwanja wa Washington Senators, timu ya ligi kuu iliyokuwa inasuasua. Yaani mwenye uwanja alikuwa akimuona Gibson akiupeleka mpira nje ya uzio kwenye nyasi zake mwenyewe, anapokea kodi ya pango, halafu anafungua ligi na wachezaji aliokuwa nao. Inaelezwa kwamba aliwahi kumuita Gibson na mwenzake Buck Leonard ofisini na kuwauliza kama wangependa kucheza ligi kuu. Walisema ndiyo. Hakuwapigia tena.

SIKU 85

Oktoba 1945 ukuta ukapata ufa. Branch Rickey, bosi wa Brooklyn Dodgers, alimsaini Jackie Robinson wa Kansas City Monarchs. Monarchs hawakulipwa hata senti.

Robinson hakuwa mchezaji bora kuliko wote katika ligi za watu weusi, na wachezaji wenzake walijua. Rickey alitaka mtu mwenye kipaji, umri unaoruhusu na uvumilivu wa kutukanwa bila kujibu. Gibson alikuwa na miaka 33 na afya inayoporomoka. Paige alikuwa ameshakaribia 40. Kwa wote wawili habari ile iliuma. Walikuwa wameubeba mpira huo mgongoni kwa miaka 15, na sasa mlango unafunguliwa kwa kijana aliyecheza humo msimu mmoja.

Januari 20, 1947, Gibson alifariki Pittsburgh kwa kiharusi. Alikuwa na miaka 35. Aprili 15, siku 85 baadaye, Robinson aliingia uwanjani Brooklyn akiwa na jezi namba 42 na kufuta zuio la zaidi ya nusu karne. Mwisho wa msimu akatajwa mchezaji bora chipukizi. Namba hiyo ilistaafishwa na timu zote za MLB mwaka 1997.

Gibson alizikwa kwenye kaburi lisilo na jina.

BABU PAIGE AWAONYESHA

Kama kuna anayetaka kujua mastaa hao wangefanya nini wakipewa nafasi, Paige alitoa sampuli. Julai 1948 Cleveland Indians walimsajili akiwa na miaka 42, mchezaji mgeni mzee kuliko wote katika historia ya ligi. Wapo walioandika kwamba ni kiki ya kuuza tiketi.

Tiketi ziliuzwa kweli. Baadhi ya mechi alizoanza ziliingiza mashabiki zaidi ya 70,000. Lakini pia alishinda mechi sita na kupoteza moja, na Cleveland ikatwaa ubingwa wa dunia. Mwaka 1965, akiwa na miaka 59, Kansas City Athletics walimrudisha kwa mechi moja dhidi ya Boston. Alirusha vipindi vitatu na kuruhusu pigo moja tu.

Kama hiyo ndiyo kazi ya mzee wa miaka 42, kijana wa miaka 25 angefanya nini? Swali hilo halina takwimu.

Willie Mays alianzia Birmingham Black Barons mwaka 1948 na Hank Aaron akaanzia Indianapolis Clowns mwaka 1952. Aaron ndiye aliyekuja kuivunja rekodi ya Ruth ya mapigo 714 ya kuvuka uzio, Aprili 1974. Vijana hao walipohamia ligi kuu, mashabiki wakawafuata. Viwanja vya ligi za watu weusi vikakauka, na Negro National League ikafa baada ya msimu wa 1948.

HESABU NA UBISHI WAKE

Mwaka 1966 Ted Williams, mmoja wa wapigaji wakali wa ligi kuu na mzungu, alitumia hotuba yake ya kuingizwa Cooperstown kuomba Paige na Gibson nao waingizwe. Paige aliingia 1971, Gibson na Leonard wakafuata 1972. Kaburi la Gibson lilipata jiwe lenye jina mwaka 1975, miaka mitatu baada ya kuitwa shujaa.

Desemba 2020, MLB ilitamka kwamba ligi zile saba nazo zilikuwa ligi kuu. Kamati iliyoongozwa na mwanahistoria wa ligi, John Thorn, ikapitia kumbukumbu za wachezaji zaidi ya 2,300, na Mei 2024 takwimu zikaunganishwa.

Hapo ndipo kijiwe kilipochafuka. Wanaopinga wanasema msimu wa Gibson ulikuwa na mechi za ligi chini ya 80 wakati wenzake walicheza 154, na ni rahisi kubaki juu kwa mechi chache. Hoja hiyo ina uzito, haipaswi kubezwa.

Wanaomtetea nao wana swali lao. Cobb na Ruth walipiga mipira ya warushaji weupe tu. Hawakukutana na Paige kwenye mechi hata moja ya ligi. Kama za Gibson zina kasoro kwa sababu ya ukuta, za hao zimekosaje kasoro wakati ukuta ni huo huo?

Na hesabu zenyewe zimemnyima kuliko zilivyompa. Bango lake pale Cooperstown linasema alipiga karibu 800 za kuvuka uzio, kwa kuchanganya ligi na mechi za nje ya ligi. Takwimu rasmi hazimfikishi hata 200, kwa kuwa zinachukua mechi za ligi zenye ushahidi wa maandishi pekee. Ni Pele aliyevuliwa magoli yote ya kirafiki, halafu akavuliwa na ya ligi ambayo mwandishi hakufika uwanjani.

Kamati ilikadiria imepata karibu robo tatu ya kumbukumbu za mechi za miaka hiyo. Robo iliyobaki huenda ipo kwenye gazeti la zamani ndani ya stoo ya maktaba fulani, na watafiti bado wanapekua. Ikipatikana mechi moja zaidi, wastani wa Gibson utapanda au utashuka. Amekufa tangu mwaka 1947, lakini msimu wake bado haujafungwa.